Nasra karudishwa shule

*Mama Nasra:* Asalaam aleikum wanafamilia. Jamani mie leo nimerudi na mwanangu kutoka shule, wanasema darasa lina ngazi kiti mwendo hakipandi na mwalimu wa kumwangalia hawana, eti nimtafutie shule za wenzie. Nasra kagoma kuvua yunifomu toka saa mbili, yupo barazani na soksi zake nyeupe anatazama watoto wanavyorudi

*Shangazi Mikindani:* Wa aleikum salaam. Masikini mwanangu 😢 juzi tu kanisomea tokeni ya luku namba zote ishirini na hakukosea hata moja

*Baba Mkubwa:* Poleni. Ila shule zetu hela hazina, akae kwanza nyumbani

*Mjomba Ticha:* Kaka shikamoo, ila hapo naomba nikupinge. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 kifungu cha 27 inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa anayehitaji mawasiliano maalum. Nasra anasikia, anaona, anaongea mpaka anatuchosha, sasa shule za wenzie ndo zipi? Na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tumeuridhia tangu 2009, ibara ya 24 yote ni elimu

*Baba Mkubwa:* Marahaba. Sheria sawa, hela je

*Mjomba Ticha:* Hilo la hela Marekani walilimaliza mahakamani 1972. Watoto saba wa Washington, kesi inaitwa Mills, walinyimwa shule na bodi ya elimu ikajitetea fungu halitoshi, jaji Joseph Waddy akakataa, akasema kama hela ni chache basi zigawanywe kwa haki, upungufu usiwaelemee wenye ulemavu kuliko wengine. Kipindi hichohicho wazazi wa Pennsylvania nao wakaishtaki serikali ya jimbo lao kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili wakashinda. Ndo 1975 Rais Ford akasaini sheria ya nchi nzima ya elimu ya watoto wenye ulemavu, na Bunge lao lilikuta zaidi ya milioni 1 ya watoto hao wako nje ya shule kabisa, tena nchi yenye hela ile. Waliolianzisha ni wazazi, mama kama huyu wa kwetu

*Shangazi Mikindani:* Kumbe hata huko walifungiwa ndani

*Mama Nasra:* Naogopa kurudi peke yangu kaka, leo nimeongea machozi yananitoka

*Mjomba Ticha:* Huendi peke yako. Kesho saa moja nipo hapo, tunaongea na mwalimu mkuu kwa adabu, akikataa tunamuomba aandike sababu kwa mkono wake, karatasi hiyo tunaipeleka halmashauri kwa afisa elimu maalum

*Baba Mkubwa:* Ngazi ngapi hizo

*Mama Nasra:* Mbili

*Baba Mkubwa:* Mbili tu?? Mtoto anarudishwa kwa ngazi mbili! Nna mbao nzito hapa Chuno za kile kitanda cha marehemu mama, napita kwa fundi sasa hivi atupigie mteremko, kesho nakuja nao kwa bajaji

*Mama Nasra:* Nimemwambia. Ndo kavua yunifomu, anataka niifue sasa hivi iwahi kukauka