Laptopu inakata waifai tangu apdeti, simu zote ziko sawa

BintiMkunazini

Assalaam alaykum jamaa.

Naomba anayejua anisaidie, na tafadhali asinambie "izime uiwashe". Hilo nimeshalifanya mpaka kidole kimeota sugu.

Mie nashika mapokezi na mahesabu kwenye nyumba ya wageni ya ami yangu hapa Mkunazini. Nyumba ni ya kale, mawe na chokaa, ukuta unene wake dhiraa nzima na pengine zaidi. Rauta iko juu ukumbini, imetundikwa karibu na dirisha pale walipoingizia waya wa faiba. Mie niko chini, nyuma ya ngazi, kwenye chumba kilichokuwa ghala zamani. Ndiyo "ofisi": meza, feni, printa na laptopu ya Windows 11. Siku zote waifai ilikuwa haina neno. Si ya kuruka, lakini inakwenda.

Wiki iliyopita laptopu ikajipiga apdeti usiku. Tangu hapo inashika waifai, inakwenda kidogo, halafu kurasa zinaganda. Mara ile alama pembeni ya saa inageuka tufe, mtandao haupo. Nikiinyamazia inarudi yenyewe. Nikianza kazi inaondoka tena.

Jana ndiyo imenitia aibu khasa. Mgeni kasimama mbele yangu na begi mgongoni, anataka kuongeza siku. Nimejaza jina, nimejaza tarehe, nimebofya, duara linazunguka tu. Na yeye, kwa waifai hiyohiyo, kaegemea meza yangu anatazama mpira kwenye simu na picha haikwami hata kidogo! Ami akapita, akatutazama, akasema: "Rudi kwenye daftari. Daftari halikatiki." Nilikosa la kumjibu.

Nimeshaifuta waifai kwenye laptopu nikaingiza nywila upya. Rauta nimeichomoa ikapumzika, nimeirudisha. Kampuni ya intaneti nimewapigia, wanasema upande wao laini ni safi. Sasa ni apdeti, ni rauta, au hawa kampuni wananizuga? Nianzie wapi?

Yakhe Darajani

Kebo ya baharini hiyo, bibie. Umesahau Mei 2024 zilipokatika kebo za EASSy na Seacom kwa pamoja? Afrika Mashariki nzima ilikuwa inatambaa. Vuta subira, meli ya mafundi itafika.

Fundi wa Gombani

Yakhe, kebo ya baharini ikikatika haichagui laptopu ikaacha simu. Mgeni anatazama mpira bila ya kukwama, wewe unaleta habari za meli.

Bibie, waalaykum salaam. Kabla hujagusa mpangilio wowote, tenganisha vipande viwili vya njia: kutoka laptopu mpaka rauta, na kutoka rauta kwenda nje. Cha kwanza ni chako na nyumba yako, cha pili ni cha kampuni. Nimeona watu Chake wamebadilisha rauta nzima na ugonjwa uko nje, na wengine wanagombana na kampuni kila siku kumbe tatizo liko chumbani mwao.

Kaa hapohapo ofisini. Kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, kitafunguka kidirisha cheusi. Andika ipconfig, utazame namba iliyo mbele ya "Default Gateway" kwenye fungu la waifai. Hiyo ndiyo rauta yako, nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa ipige: ping -n 50 kisha hiyo namba. Itatuma vipande 50 vya majaribio na kuonyesha vingapi vimerudi na kwa muda gani. Ikimaliza, fanya vilevile kwa 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google iliyoko nje. Mwisho andika netsh wlan show interfaces, uniletee mistari miwili tu, Channel na Signal.

Halafu ibebe laptopu mpaka ukumbini, uiweke karibu na rauta, na urudie yote. Usifanye huku na kule kwa wakati mmoja, nataka kuona tofauti.

Jambiani Mashariki

Wakati anapima, mie niongeze jambo jengine ambalo huenda si lake ila linamsibu kila mtu baada ya apdeti. Mie sina faiba huku, natumia rauta ya laini na bando la kununua. Apdeti ikishamaliza usidhani imemaliza. Inaendelea kuvuta programu nyengine chinichini. Na kuna mpangilio unaitwa Delivery Optimization, ndani ya Windows Update, Advanced options. Ukikuta imeruhusiwa kugawana na kompyuta za intaneti nzima, basi laptopu yako inawapelekea wasiokujua vipande vya apdeti kwa bando lako wewe. Zima. Kisha nenda kwenye sifa za waifai yako uwashe "Metered connection", itakuwa na adabu katika kushusha mambo.

Bando langu la wiki lilipukutika kabla ya Jumatano nikawa namshuku mtoto.

BintiMkunazini

Ahsanteni. Yakhe, wewe ahsante ya kunichekesha.

Matokeo haya hapa. Ofisini, kuipiga rauta: kati ya 50 zimepotea 9, na zilizorudi nyengine zimechukua milisekunde 4, nyengine zaidi ya 300. Kuipiga 8.8.8.8 ni hivyohivyo, imepotea kiasi kama hicho. Channel 44, Signal 34%.

Juu ukumbini: rauta haikupoteza hata moja, 8.8.8.8 haikupoteza hata moja. Channel 44, Signal 97%.

Nikaona nitazame na simu yangu nikiwa ofisini. Kwenye maelezo ya waifai imeandika 2.4 GHz. Sijui kama ina maana yoyote.

Fundi wa Gombani

Ina maana yote! Hapo umejijibu mwenyewe nusu.

Kampuni wamesema kweli. Ukiwa juu, njia nzima mpaka nje ni safi. Ukiwa chini, unapoteza kabla hata hujaifikia rauta. Kwa hiyo ugonjwa uko kati ya meza yako na ukumbi.

Rauta yako inatoa masafa mawili chini ya jina moja, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 5 ina kasi lakini ukuta unaichosha haraka. Ya 2.4 ni taratibu zaidi ila inapenya. Kuta zenu za Mji Mkongwe si matofali ya siku hizi. Ni jiwe la matumbawe na chokaa, zito, na linanywa unyevu, na maji ndani ya ukuta humeza mawimbi vizuri sana. Simu yako imeonja 5, imeona haifai pale chini, imejiondokea kwenda 2.4. Laptopu imeng'ang'ania chaneli 44, nayo 44 ni ya 5 GHz. Chaneli za 2.4 ni 1 mpaka 13 tu. Kwa asilimia 34 inashika lakini haifanyi kazi, ndiyo hayo ya kuganda na kurudi.

Utauliza mbona kabla ilikuwa sawa na ukuta ni uleule. Apdeti ya Windows mara nyingi huja na draiva mpya, yaani programu ya kuiendesha kadi ya waifai, na draiva mpya huweza kurudisha mipangilio ya kadi kama ilivyotoka kiwandani. Aliyeitengeneza laptopu yako mwanzo pengine aliielekeza 2.4 na hakukwambia.

Bofya kitufe cha Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Device Manager, fungua Network adapters, bofya mara mbili jina la kadi ya waifai. Kwenye Advanced tafuta "Preferred Band", uweke 2.4. Kadi nyengine hazina maneno hayo, basi nambie nitakupa njia ya upande wa rauta. Ukiwa hapohapo tazama Power Management. Ukikuta kisanduku kinachoruhusu kompyuta izime kadi ili kuokoa umeme, kiondoe tiki. Laptopu nyengine mpya hazina ukurasa huo, usihangaike nao.

Kwenye Driver kuna "Roll Back Driver", kurudi kwenye draiva ya zamani. Ikiwa imefifia haibofyeki, maana yake ya zamani haikuhifadhiwa.

Utakutana na watu watakwambia ubofye "Network reset". Ni ya mwisho kabisa. Inafuta waifai zote ulizohifadhi na nywila zake. Wala usiing'oe apdeti yenyewe. Ndani yake mna viraka vya usalama, na wewe unashika pasi za kusafiria na kadi za benki za watu.

Mwalimu Wete

Fundi kamaliza, nina la pembeni. Akihamia 2.4 Mji Mkongwe atakuta msongamano. Pale nyumba zimebanana na kila moja ina rauta yake. Niliwahi kulala Kiponda, nilipofungua orodha ya waifai majina yalikuwa yanashuka hayaishi.

Kwa hiyo ingia kwenye kurasa ya rauta, ile namba ya gateway uliyoiona iandike kwenye kivinjari. Usiiachie chaneli ya 2.4 ijichagulie. Weka 1, 6 au 11, hizo tatu hazipandani, na upana wake uwe 20 MHz, si 40. Ukiwa umo ndani, tenganisha majina: moja la 2.4, moja la 5. Wageni wa juu wape la 5, wewe kaa na la 2.4. Sisi skuli tumefanya hivyo na kelele za maabara ya kompyuta zimepungua.

Yakhe Darajani

Mimi bado naitilia shaka bahari.

BintiMkunazini

Jamani, inakwenda!

"Preferred Band" nimeiona, ilikuwa "No Preference", nimeweka ya 2.4. Roll Back imefifia kama fundi alivyosema. Tiki ya umeme nimeiondoa. Sasa Channel inasema 11 na Signal 71%. Kuipiga rauta, hazipotei. Majina nimeyatenganisha pia, ingawa ilibidi niandike kikaratasi kipya cha nywila na kukibandika kila chumba, na tayari kuna mgeni kauliza kwa nini waifai ziko mbili.

Spidi ya chini ni ndogo kuliko ya juu, ila kuweka chumba na kutoa risiti hakuhitaji zaidi. Delivery Optimization ya Jambiani nayo niliikuta imewashwa, nimeizima.

Limebaki jambo moja la ajabu. Asubuhi baina ya saa moja na saa tatu inakatika tena kidogokidogo, halafu inatulia mchana kutwa. Kila siku wakati uleule. Ndio wageni wameamka wote wanatumia?

Fundi wa Gombani

Wageni uliwaweka kwenye la 5. Jiko lenu liko wapi?

BintiMkunazini

Pembeni ya ofisi, ukuta mmoja. Kwa nini?

Fundi wa Gombani

Kuna maikrowevu?

BintiMkunazini

Subhanallah. Ipo, na Bi Mpishi asubuhi anapashia maziwa na mikate ya wageni, haipumziki. Imewekwa juu ya rafu ya huku kwangu.

Nimemwendea sasa hivi, nikamwomba aiwashe na kikombe cha maji ndani huku nikiipiga rauta. Ikiwaka tu milisekunde zinapanda na nyengine zinapotea. Ikizima, safi. Bi Mpishi kaniuliza kama nimeanza kuumwa.

Fundi wa Gombani

Maikrowevu inafanya kazi kwenye masafa hayohayo ya 2.4, na chenye kuvuja kidogo tu kinatosha kuizuia waifai iliyo karibu. Hamisha rafu kama Bi Mpishi ataridhia. Lakini kwa ofisi ya kazi mie ningevuta waya kutoka kwenye rauta. Waya haujui ukuta wala maziwa.

BintiMkunazini

Bi Mpishi hakuridhia. Ami nimemwambia habari ya waya, jibu lake: ukuta wake hautobolewi. Amenikumbusha na kwamba Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, kama vile UNESCO watakuja wenyewe kukagua tundu langu.

Mwalimu Wete

Hapo ami yako ana haki. Jiwe lile ukilitoboa kwa pupa chokaa inamwagika mpaka ndani. Usitoboe. Ngazi si iko wazi toka juu mpaka chini? Ushushe waya kwa ngazi, chini ya mkono wa kushikia, ubane kwa klipu kwenye mbao.

Fundi wa Gombani

Sawasawa. Waya wa namna hiyo unafika mita 100, ngazi yenu haifiki hata robo. Dukani omba waya wa mtandao wa Cat6, wa shaba tupu. Kuna wa alumini uliopakwa shaba, bei yake rahisi lakini haufai kudumu. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, mrudishie. Usiupitishe sambamba na waya wa umeme, na pale ngazi inapokunja kona uukunje kwa upole. Nunua na ziada ya mita chache, ami akibadili mawazo kuhusu meza.

BintiMkunazini

Ngazi ameikubali, kwa sharti klipu ziwe nyeupe. Kesho baada ya alasiri nakwenda dukani. Yakhe, wewe uko hukohuko Darajani, niambie duka gani wana waya huo kabla sijazunguka.

Yakhe Darajani

Ukifika nipigie simu nikuelekeze. Nenda na wembe.