Mrejesho: Baiskeli ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Naivasha

Wakuu, niliuliza kama baiskeli ya kawaida, isiyo na gia nyingi, inatosha kutoka lango la Elsa hadi korongo la Ol Njorowa. Inatosha. Barabara ni ya vumbi, pana, na kwenda ni mteremko wa pole. Unapita mnara wa Fischer, nguzo ndefu ya mwamba, huku pundamilia wakikukodolea macho kama askari wa trafiki. Shughuli iko kurudi: kilima na jua la saa saba! Aliyenishauri nipunguze upepo kidogo kwenye matairi, asante sana, mchangani ilisaidia. Nyati wapisheni, msiwasogelee kwa picha. Korongoni niliacha baiskeli na kushuka kwa miguu. Mawingu yakitanda ahirisheni, maji huja ghafla. Ukikodi langoni, jaribu breki kwanza.