RX-8 ya 2004 gia za mkono, mil 13: nichukue au niachane nayo?

Kijana_wa_Kinyerezi

Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri kabla sijaingia kichwa kichwa. Kuna jamaa Tabata anauza Mazda RX-8 ya 2004, Type S (ile yenye nguvu zaidi), gia sita za mkono, nyekundu, namba C. Anataka mil 13 ila kwa anavyoongea nahisi hata 11 ataachia. Bodi imetulia, viti havijachanika, dashibodi inasoma km 118,000, kama ni za kweli au zimerudishwa nyuma Mungu ndo anajua. Nimeiendesha mpaka Segerea na kurudi, yaani wakuu mshale wa RPM unapanda mpaka elfu 9 na injini bado inataka, halafu ile milango ya nyuma inavyofungukia kinyume, watu wa kituo cha daladala wote walikuwa wanatuangalia sisi tu.

Kilichonitisha ni fundi wangu. Yeye ni mtu wa Toyota miaka yote, nilivyompigia kumwambia akacheka kwanza, halafu akaniuliza "bwana mdogo, una hela ya injini mbili?"

Sa hivi natembelea IST, kila siku Kinyerezi mpaka Posta na foleni yake mnaijua. Mpango ni niuze IST niongezee nichukue hii. Mafuta sidhani kama ni shida sana maana kadi inasoma cc 1300 kama ya kwangu tu. Ninachotaka kujua ni kweli hizi injini zinakufa au ni maneno ya watu? Na spea zinapatikana? Kuna Altezza RS200 pia nimeona Mbezi, bei karibu na hiyo, ila moyo uko kwenye Mazda. Nawasilisha.

Bwana Rejeta

Chukua Altezza ulale usingizi. Uzi ufungwe.

Mzee wa Plagi Nne

Uzi usifungwe bado, kijana anahitaji kuelimishwa. Mimi ni fundi na hizi gari nimezishika, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kwanza hiyo cc 1300 isikudanganye. Injini ya RX-8 haina pistoni wala valvu, ni rota mbili, kila moja umbo lake kama sambusa iliyovimba pembeni, zinazunguka ndani ya nyumba yake. cc 654 mara mbili ndo unapata 1308. Lakini kwa mjini, foleni na AC, tegemea kilomita 6 au 7 kwa lita, ukiikanyaga hata hiyo 6 hupati. IST yako inakupa mara mbili ya hapo. Kinyerezi mpaka Posta kila siku na RX-8, mshahara wako utaishia sheli.

Pili, oili. Hii gari inakula oili na si ugonjwa, imeumbwa hivyo. Kuna pampu inachukua oili kidogo kwenye sampo na kuipuliza ndani ya rota ili zile sili za kwenye ncha zisisagane na ukuta. Sasa Mtanzania amezoea Toyota, anamwaga oili akirudi kilomita elfu tano zijazo ndo anafungua boneti. Kwa hii unafungua boneti kila ukijaza tenki, au walau kila tenki la pili, unachomoa kijiti unaangalia. Injini nyingi zilizokufa hapa mjini zimekufa kwa hili tu, oili ilishuka mwenye gari hana habari, sili zikalika, kompresheni (ule mgandamizo ndani ya injini) ikaondoka.

Mazda wenyewe walijua kuna tatizo, kule Marekani waliongeza waranti ya injini mpaka miaka 8 au maili 100,000 kwa zile za 2004 hadi 2008. Toleo la 2009 kwenda juu lina mfumo bora wa kupuliza oili. Hiyo unayoitaka ni ya mwanzo kabisa, na mnunuzi wa Tabata waranti yake ni sala.

Kwa hiyo kama bado unaitaka, fanya hivi. Usiende kuiona ikiwa imepoa halafu ukafurahi imewaka kwa stata moja. Rotari yenye kompresheni mbovu asubuhi inawaka vizuri tu. Iendeshe dakika ishirini mpaka ipate moto sawasawa, zima, kaa dakika kumi pigeni stori, halafu washa. Ikizunguka stata muda mrefu ndo iwake, au ikagoma mpaka ipoe, hapo mgonjwa umeshamjua. Wauzaji wajanja hawakupi hizo dakika kumi, utasikia ana haraka kuna sehemu anawahi.

Ukivuka hapo ndo unapima kompresheni. Geji ya kawaida ya pistoni inakudanganya maana rota ina nyuso tatu na geji inashika ile iliyo juu tu, moja ikifa huioni. Kuna mashine yake maalum. Usipoipata, fundi atoe kile kivalvu cha geji ya kawaida aangalie mshale unavyoruka, miruko mitatu inatakiwa ilingane. Kwenye mashine maalum, kwa mizunguko 250 kwa dakika, injini mpya inasoma karibu kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba, ikishuka chini ya 6.9 injini hiyo kwa vitabu vya Mazda imekwisha. Rota zote mbili zipimwe, usikubali apime moja.

Dada wa Usa River

Mie nnayo, ya 2006 oto, naishi nayo huku Arusha na sijutii. Fundi hapo juu kasema kweli ila mnavyomtisha huyo kaka utadhani anaoa jini.

Kaka, hii gari ina masharti yake. Usiiwashe asubuhi ukaisogeza mita mbili kumpisha jirani ukazima. Ikiwa baridi inamwaga petroli nyingi, ukiizima hapo hapo plagi zinalowa, ukija kuwasha haiwaki. Kila mtu nyumbani kwangu anajua hii sheria, hata mlinzi. Ikitokea umekosea unakanyaga mafuta mpaka chini unapiga stata hivyo hivyo, ukikanyaga mpaka mwisho inakata petroli na rota zinajikausha, ila uwe na betri nzima. Koili ziko nne na plagi nne, koili zikichoka gari inakosa nguvu, petroli ambayo haijaungua inaenda kuunguza masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi), masega yakiziba joto linarudi kwenye injini. Kwa hiyo koili badilisha mapema usisubiri zife. Na ikishapata moto uivute mpaka juu mara moja moja isijaze kaboni, tena ni raha hapo barabara ya Moshi asubuhi (trafiki msinisome).

Mimi naongeza na oili ya tu-stroku kwenye tenki, ile ya mashine za boti, mililita 4 au 5 hivi kwa kila lita ya petroli. Wengine wanasema haina haja, mie nalala vizuri.

Lakini nina Rav4 ya kwenda kazini. RX-8 natoka nayo wikiendi na siku nikiwa nimeudhika. Wewe unasema unauza IST, hapo ndo mie nakataa. Hii si gari ya kuwa nayo peke yake.

787B_Moyoni

Watu wanaongea kama rotari ni takataka. Mazda 787B ya rota nne ilishinda mbio za Le Mans 1991, saa 24 bila kufa, na Mazda ilikuwa kampuni ya kwanza ya Kijapani kushinda pale. Renesis yenyewe, hiyo injini ya RX-8, ilichukua tuzo ya injini bora ya mwaka ya kimataifa 2003. Chukua chuma kaka, maisha mafupi.

Bwana Rejeta

Le Mans baada ya saa 24 injini inashushwa inafunguliwa yote na watu wenye mishahara. Huyu ataifungulia wapi, Segerea mwisho?

Buda wa Kirinyaga Road

Niko Nairobi. Huku hizi gari zilikuwa nyingi wakati flani, sahi zimepungua, na haziwezi kuongezeka juu huku gari ikipita miaka nane haiingii nchini, na RX-8 ya mwisho ilitoka kiwandani 2012. So zile ziko ni zile zile zinapitishwa mkono kwa mkono, na kila mwenye anauza anakuambia injini ilijengwa upya. Maze uliza risiti. Nani aliijenga, aliweka sili gani, nyumba za rota zilibadilishwa ama zilisuguliwa tu? Mtu mwenye alilipa pesa ya kujenga rotari huwa anaweka karatasi zote, juu iliuma. Asiye na karatasi hakujenga.

Wengine wametoa rotari wakaweka injini ya Toyota. Kama ni hivyo angalia namba ya injini na ile ya kwenye kadi, usije ukanunua kesi.

Mpiga Hesabu

Kuna mtu atakushauri uagize Japani ya 2009 au 2010. Kabla hujampigia agenti ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka mwaka na modeli. Ushuru wa forodha upo, VAT ipo, ushuru wa bidhaa kwa cc, halafu kwa kuwa imeshapita miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu juu yake, ambao ndo unaua. Watu wengi wanaona bei ya Yokohama wanachanganyikiwa kwa furaha, kikokotoo kinawarudisha duniani.

Kwa ya Tabata, angalia kama inadaiwa faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, ni namba ya gari tu unaweka. Na bima uliza mapema, usifikiri gari ya 2004 utakatiwa bima kubwa kirahisi.

Kijana_wa_Kinyerezi

Wakuu nimerudi. Leo nimeenda tena na nimefanya kama Mzee wa Plagi Nne alivyosema. Nimeikuta boneti ya moto wakati nilimwambia asiiwashe kabla sijafika. Tukazunguka mpaka Kimara na kurudi, nikazima, nikamwambia tunywe maji kidogo. Jamaa akaanza kutazama saa kweli. Nilivyowasha ikazunguka weee, kama sekunde nane tisa hivi, ikawaka inatetemeka halafu ikatulia. Anasema ni betri imechoka, atanipunguzia hela ya betri. Injini kujengwa upya anasema ilijengwa na mwenye gari wa kwanza, karatasi hana. Oili kwenye kijiti iko chini ya alama.

Bado naipenda hii gari, sitaki kuficha. Je kuna bei ambayo inaingia akilini?

Mzee wa Plagi Nne

Stata ilikuwa inazunguka kwa kasi au kwa kujivuta?

Kijana_wa_Kinyerezi

Kwa kasi ya kawaida tu.

Mzee wa Plagi Nne

Basi betri haina kosa. Betri iliyochoka inajivuta, tena asubuhi ndo ingesumbua zaidi. Stata inayojivuta nayo inaweza kuleta kugoma kwa moto, ndo maana nimeuliza, lakini yako inazunguka vizuri na haiwaki. Hiyo ni kompresheni. Na aliyeikuta baridi akaipasha kabla hujafika ana kitu anakijua.

Bei: hesabu kwamba hakuna injini humo ndani. Unanunua bodi, giaboksi, viti na rimu. Kisha weka hela ya kujenga pembeni, na usitegemee kubadilisha sili peke yake, ukifungua ukakuta nyumba za rota zimechubuka unanunua na hizo. Injini iliyotumika kutoka Japani nayo ni bahati nasibu, inakuja kwenye mbao hujui kompresheni yake. Kwangu mimi zaidi ya mil 6 usitoe, na hiyo 6 uwe na nyingine kama hiyo benki na IST iko getini.

787B_Moyoni

Sita ni matusi kwa Type S.

Bwana Rejeta

Type S isiyowaka.

Kijana_wa_Kinyerezi

Nilimpa ofa ya 6, akaniuliza kama nimelewa, akakata simu. Sijampigia tena. IST siuzi, dada wa Usa River kanishinda. Jumamosi naenda Mbezi kuiona ile Altezza, muuzaji anasema ni RS200 gia sita. Kuna cha kuangalia hapo?

Bwana Rejeta

Nilisema mwanzo kabisa. Angalia kwanza kama ni RS kweli, maana beji zinauzwa Kariakoo. Gia sita si ushahidi, AS200 nazo zipo za gia sita. Soma namba ya chesisi, ikianza na SXE10 ni RS200, ile 3S-GE ya BEAMS yenye farasi 210 kwa gia za mkono. Ikianza GXE10 ni AS200, hiyo ni 1G-FE, farasi 160 hivi, gari nzuri ila si bei hiyo. Au fungua tu boneti uhesabu silinda, RS zina nne, AS zina sita.

Halafu uiwashe ikiwa baridi, usikubali akuwashie kabla. Sikiliza giaboksi unavyoingiza gia ya tatu kwa haraka, na uingie chini uangalie bampa la mbele, zile zote zimeshapiga matuta.