Kunyimwa meza hotelini ukiwa mwenyeji: ushahidi gani unatosha?

Mkaazi_Shella
Asalaam aleikum. Nauliza kuhusu hoteli za ufuoni hapa Malindi. Mwenyeji akiingia huambiwa meza za upande wa bahari zina oda, kisha watalii wasio na oda wanakalishwa papo hapo. Ukihoji unaonyeshwa kibao mlangoni kwamba wenye hoteli wana haki ya kumkataa mteja. Kibao kina nguvu? Na malalamiko yapelekwe wapi yasifie kwenye droo?

BintiLamu
Wa aleikum salaam. Kibao hakiwezi kuishinda Katiba. Kifungu cha 27(5) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamkataza mtu yeyote, si serikali tu, kubagua kwa rangi, kabila, dini, mavazi, lugha au ulemavu. Mwenye hoteli anaweza kumtoa mlevi mwenye fujo. Hawezi kumkataa mama kwa buibui lake. Kanuni ya mavazi ikimzuia mwenye kikoi huku mtalii aliyevaa nguo za kuogelea anapita, huo ni ubaguzi mtupu.

Wakili_wa_Mtaani
Kesi nyingi huangukia kwenye ushahidi. "Zina oda" peke yake haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni ulinganisho: mtu wa hali kama yako, wakati ule ule, katendewa tofauti.

Andika hapo hapo: saa uliyoingia, meza ipi, maneno ya weita kama alivyoyatamka, saa wale wengine walipokaa. Kisha muulize meneja, meza ile ina oda ya saa ngapi? Jibu lake lina uzito kuliko la weita, ambaye mara nyingi anatii amri. Ukiweza agiza hata chai, ulipe kwa M-Pesa. Ujumbe hubeba tarehe, saa na jina la biashara. Mashahidi waandike kila mmoja kivyake kabla hamjazungumza, kwa sababu maelezo yanayofanana neno kwa neno hutiliwa shaka upesi. Na tafadhali msirushe sura za wateja wengine mtandaoni. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na lawama itawageukia nyinyi.

BintiLamu
Kuhusu pa kupeleka: ubaguzi wa kabila, rangi au dini uende Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC); mengine, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR). Ukitaka fidia, ombi la haki za kikatiba huenda Mahakama Kuu, na Malindi ipo.

Ila msisahau leseni. Machi 2015 mkahawa mmoja wa Kichina Nairobi, uliodaiwa kuwazuia Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni, ulifungwa kwa kukosa vibali. Kwa hiyo nakala ya barua iende pia kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na ofisi ya leseni ya kaunti. Kila ofisi beba nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, barua itakuwa "haikufika".

Mkaazi_Shella
Shukran sana. Na akikalishwa vizuri, lakini chakula kikacheleweshwa makusudi?

Wakili_wa_Mtaani
Hilo ni gumu zaidi. Samaki mzima wa kuchoma huchukua nusu saa au zaidi, pilau iko tayari sufuriani. Linganisha chakula cha aina moja, na uhesabu tangu oda ilipochukuliwa, si tangu ulipoketi.