Naomba ushauri: mtandao wa ofisi yetu Mji wa Kale unasuasua. Je, nilipie kifurushi kikubwa zaidi?

Mkazi wa Kibokoni:
Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninasimamia ofisi ndogo ya uwakala wa forodha katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja, karibu na Ndia Kuu, hapa Mombasa. Tuna kompyuta tisa, printa moja ya pamoja iliyoko chini, na kisanduku cha intaneti kilichofungwa karibu na mlango na kampuni inayotuuzia huduma. Walioko chini hawana shida, ilhali walioko juu hulalamika kwamba nyaraka za mizigo hazifunguki, na hata hati ya ukurasa mmoja ikitumwa kwenye printa hukawia mpaka mteja anachoka kungoja. Muuzaji anatushauri tupande kutoka megabiti 20 hadi 60 kwa sekunde, naye jirani anasema ninunue ruta ya pili. Naomba kueleweshwa kila kifaa kina kazi gani kabla sijatoa fedha za ofisi.

Binti Nyali:
Waaleikum salaam. Huenda tatizo ni nyaya za baharini zinazotuletea intaneti. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilitaabika.

Fundi wa Tudor:
Dada Binti Nyali, hilo ni kweli, lakini hati inayotoka kwenye kompyuta ya juu kwenda kwenye printa ya chini haipiti baharini wala haitoki nje ya nyumba. Hata siku zile nyaya zilipokatika, ofisi yenye mtandao mzuri wa ndani iliendelea kuchapisha. Ndugu Mkazi, printa yako imekwisha kukujibu: hitilafu iko ndani, na megabiti 60 zitaishia palepale mlangoni.

Kisanduku hicho kimoja kinafanya kazi nne. Kwanza hugeuza mwanga unaokuja kwa faiba kuwa ishara za umeme. Pili ni ruta, yaani kiungo kati ya mtandao wenu na mitandao ya nje. Ndiyo inayoamua kipi kitoke na kipi kibaki, na kwa kawaida ndiyo inayogawia kila kompyuta anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni. Tatu, zile tundu chache za nyuma ni swichi, ambayo huunganisha vifaa vya ndani na kupeleka kila ujumbe kwa kifaa kinachohusika pekee. Nne hutawanya waifai, na hapa ndipo mnapokwama, kwa sababu kuta za Mji wa Kale ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na mawimbi ya redio hudhoofika sana yanapozipenya. Masafa ya waifai ya gigahezi 5 huwa na kasi lakini hushindwa mapema na kuta. Yale ya 2.4 hupenya zaidi, ila hugombaniwa na waifai za majirani wote.

Dawa ni kebo. Vuta kebo ya mtandao, ya aina iitwayo Cat6, kutoka kwenye kisanduku hadi juu, uweke swichi ya tundu nane, uunganishe kompyuta za mezani kwa waya, na uongeze kifaa kimoja cha kutawanya waifai kwa ajili ya simu na kompyuta za mkononi. Kebo ya namna hiyo hufika mita 100, nanyi hamtahitaji hata nusu yake. Kabla ya kununua, kwaruza uzi wa ndani kwa kisu: ukionekana mweupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa tu, irudishe dukani.

Mwalimu wa Ganjoni:
Naunga mkono, ila ningependa kumtetea jirani kidogo. Ruta ya pili inaweza kutumika kama kifaa cha waifai, mradi uzime huduma yake ya kugawa anwani, iitwayo DHCP, uibadilishe anwani yake isifanane na ile ya kisanduku, na uchomeke kebo kwenye tundu la ndani badala ya lile la intaneti. Ukiichomeka kama ilivyotoka dukani, itaunda mtandao wake yenyewe huko juu, na kompyuta za mtandao huo huenda zisiione printa kabisa.

Mkazi wa Kibokoni:
Shukran sana. Nimeunganisha kompyuta ya mkononi kwa waya kwenye kisanduku, nikapata karibu megabiti zote 20, na hati ikachapishwa papo hapo. Kifurushi nakiacha kilivyo. Lakini je, kebo niipitishe wapi? Fundi mmoja anataka kutoboa ukuta wa mbele.

Fundi wa Tudor:
Usimruhusu. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ukuta wa nje hauguswi bila idhini. Ipandishe kwa ndani kufuata ngazi, ndani ya mfereji wa plastiki, na viungio vya kebo uviweke mbali na madirisha, kwani hewa ya chumvi huvila haraka.