Mjadala: Skuli za mwambao zisomeshe Kitaliano, au Kiingereza chatosha?

Asalaam aleikum jamaa. Juzi nilikuwa Kizimbani, hapa Unguja, kwenye shamba la viungo. Mbele yetu kundi la Wataliano. Kijana aliyewatembeza akapasua tunda la kungumanga, akawaonesha basbasi nyekundu ilivyoizonga kokwa, na Kitaliano chake cha kuokota ufukweni kikamtoka vizuri. Mama mmoja akauliza jambo, huku akifinya vidole kama anayetia chumvi. Nadhani alitaka kujua basbasi inatiwa kiasi gani chunguni. Kijana akatabasamu, akarudia maneno yale yale ya mwanzo. Mama akauliza tena, kisha akairudisha pakti mezani.

Pakti moja ni kitu kidogo. Lakini mwaka 2023 Zanzibar tulipokea wageni zaidi ya 600,000. Kiwengwa wanashukia Wataliano tangu miaka ya 90, na mpaka leo vijana wetu lugha yao wanaiokota kwa papasi wenzao, wale watembeza wageni wa ufukweni. Inatosha kuuzia shanga. Kukaa mapokezi, kujibu lalamiko la mgeni kwa maandishi, hapo haifiki, na nafasi anapewa mwengine. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inasomesha lugha za kigeni, ila kijana wa Matemwe aliyeishia kidato cha nne hafiki huko. Nataka sekondari za mwambao zianze Kitaliano, pamoja na adabu za mgeni: utamwambiaje ajisitiri akipita kijijini, bila ya kumvunjia heshima? Nani ana rai nyengine?

Mchangiaji, Wete: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mimi sikubali. Nasomesha hisabati. Sera ya elimu ya 2006 ilitaka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtoto anajua kuwagawia watu 4 maembe 12. Mwandikie swali hilo hilo kwa Kiingereza, anainamia daftari kimya. Huyu ndiye wa kumtwika lugha ya tatu? Tumrudishieni kwanza Kiswahili chake afahamu anachosoma.

Mtoa mada: Maalim, hapo umenigusa. Hesabu zirudi kwenye Kiswahili, hilo nakuunga mkono. Yule kijana wa Kizimbani hata kwa Kiswahili huenda hakuelezwa basbasi inapikwaje. Lakini Kitaliano nakitaka kiwe somo, si lugha ya kusomeshea masomo mengine. Kiwe cha hiari, kianze kidato cha tatu. Hivyo pia unakataa?