Nati za Magari Matatu

*Alhamisi*

*Zuhura, 19:02*
Habari za jioni wote. Jumamosi alfajiri tunatoka magari matatu. Kila dereva akague nati za magurudumu yake leo hii, kisha aandike hapa "nimekagua". Hamisi, Rehema, Shemeji Idi. Kesho nina mengine ya kuwauliza.

*Zuhura, 19:41*
Mmesoma watu kumi na mmoja. Jibu hakuna.

*Idi, 19:44*
Shemeji, langu limetoka gereji juzi. Wamebana kwa ile mashine ya upepo. Hizo hazilegei.

*Zuhura, 19:47*
Hapo ndipo penyewe shemeji. Mashine ikibana kupita kiasi inavuta stadi, yaani zile skrubu zinazoshika nati, na diski ya breki inaweza kupinda, ukikanyaga breki usukani unatetemeka. Halafu upate pancha usiku, utazifungua na nini? Gari likiwa chini, legeza nati moja, ibane upya kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, ndipo uende nyingine. Kipimo kimo kwenye kitabu cha gari. Magari madogo mengi ni kama nyutoni mita 90 hadi 120.

*Juma, 19:49*
Nyutoni yule wa tunda? 😂

*Salma, 19:49*
😂😂😂

*Juma, 19:50*
Yule hakuwahi hata kumiliki gari

*Zuhura, 19:50*
Juma, nakuomba.

*Rehema, 20:33*
Samahani nilikuwa kazini. Dada, mimi nilibadilisha tairi la nyuma kushoto Jumatatu. Tangu hapo nikienda polepole nasikia ko ko ko. Nikadhani ni kijiwe kimenasa.

*Zuhura, 20:34*
Usiliwashe tena hilo gari!! Nati ulizibana likiwa juu ya jeki au limeshuka?

*Rehema, 20:36*
Likiwa juu. Nilizifuata moja baada ya nyingine kwa mzunguko mpaka spana ikagoma.

*Zuhura, 20:41*
Sasa sikiliza. Ukifuata mzunguko, gurudumu linalalia upande mmoja. Nati ya kwanza unaiona imekaza, kumbe rimu bado haijakaa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu. Zote zianze kwa vidole. Kama zina upande wa koni, koni iangalie rimu. Kisha unaruka: umebana hii, unavuka kwenda ya upande wa pili, kama unachora nyota. Kule juu unazikaza kiasi tu. Nguvu yenyewe inakuja gari likishakanyaga chini. Ukienda kilomita 50 hadi 100, simama uzibane tena.

*Hamisi, 20:52*
Haya yangesemwa mwaka ule, tusingeishia mtaroni.

*Zuhura, 20:52*
Hamisi usianze.

*Hamisi, 20:55*
Sianzi. Nilibana mimi, sikatai. Lakini aliyenishikia taa alikuwa anasema "twende, twende, tunachelewa". Lawama nikabeba peke yangu.

*Mama Mdogo, 20:57*
Wanangu, watoto wamo humu.

*Juma, 20:58*
Mimi nilikaa nyuma, niliona gurudumu letu linatupita 😂😂

*Zuhura, 20:59*
Mama alivunjika mkono siku ile, Juma.

*Baba Mkubwa, 21:24*
Nimesomewa yote. Hamisi, siku ile aliyewaharakisha ni mimi. Zuhura alikuwa anasema niliyomtuma. Nilipaswa kulisema zamani. Gari la Rehema halitoki mpaka gurudumu livuliwe na stadi zitazamwe, na matundu ya rimu pia. Nati mzilegeze kidogo gari likiwa chini, ndipo lipandishwe jeki. Pawe mahali pagumu, tambarare, breki ya mkono juu na kabari kwenye tairi la mbele. Mtu asiingie chini ya gari. Nimemaliza.

*Mama Mdogo, 21:26*
🙏🏾

*Hamisi, 21:40*
Nimekuelewa Baba. Ahsante.

*Hamisi, 21:43*
Rehema, kesho jioni nakuja na brashi ya waya, tutoe kutu kwenye habu. Usipake mafuta kwenye meno ya stadi, yanaharibu kipimo, utakaza kuliko unavyodhani. Ila jeki yangu anayo Idi.

*Idi, 21:50*
Nilishairudisha. Nilimpa Juma.

*Zuhura, 21:51*
Juma?

*Zuhura, 22:15*
Juma, jeki iko wapi?

*Rehema, 22:31*
Nimetoka na tochi kutazama. Nati mbili zina michirizi ya kutu inayotoka pembeni. Nyingine moja haifanani na wenzake, wili spana haiingii.

*Zuhura, 22:32*
Michirizi hiyo ni dalili ya kulegea. Isiyofanana ni ya kufuli, ina ufunguo wake. Jumatatu ulitumia nini?

*Rehema, 22:34*
Nilisaidiwa na mpita njia. Nadhani alikuwa nao mkononi akiondoka.

*Zuhura, 22:35*
Tafuta kwanza kwenye tairi la akiba, na kwenye kisanduku cha dashibodi. Usipoonekana, utapanda gari la Hamisi na Mama.

*Zuhura, 22:58*
Rehema?

*Idi, 23:06*
Nimekagua mawili ya mbele. Ya nyuma kesho.